Je, Wajua? Pesa za Janga na Wafugaji wa Kaskazini Mashariki

Kisa cha kwanza cha corona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Wiki chache baadaye serikali ilianza kutoa fedha za kuwapunguzia wananchi makali. Garissa, Wajir na Mandera zina watu karibu milioni 2.5 kwa hesabu ya sensa ya 2019, na kwa wengi wao mali ni mifugo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Je, fedha hizo zilipitia njia gani hadi kwa mwenye mifugo? Njia yenyewe ilichongwa lini, na iliishia wapi? Haya ni baadhi ya mambo yanayofaa kujulikana.

Je, wajua kwamba Garissa ni kati ya maeneo ya kwanza Kenya kujaribu ruzuku ya pesa taslimu?

Mwaka 2004, serikali kwa msaada wa UNICEF iliteua kaya 500 zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira magumu. Kaya hizo zilitoka maeneo matatu tu: Nairobi, Kwale na Garissa. Kila kaya ilipewa shilingi 500 kwa mwezi. Wakati huo wengi waliamini kwamba maskini akipewa pesa mkononi atazitapanya, na kwamba msaada wa kweli ni gunia la mahindi. Jaribio hilo lilisaidia kuivunja dhana hiyo, likapanuliwa mwaka hadi mwaka, na leo ni sehemu ya Inua Jamii, mpango unaolipa pia wazee na watu wenye ulemavu mkubwa kote nchini.

Kiwango cha Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na hakijapanda tangu miaka ya mwanzo ya 2010. Bei ya unga, sukari na mafuta ya kupikia imepanda mara nyingi tangu hapo.

Je, wajua kwamba nzige waliwahi kufika kabla ya corona?

Nzige wa jangwani waliingia Kenya tarehe 28 Desemba 2019 kupitia Mandera na Wajir. Lilikuwa wimbi baya kuliko yote yaliyoikumba Kenya kwa miaka 70. Mwanzoni mwa 2020, kundi moja lililopimwa kaskazini mashariki mwa nchi lilikuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Kilomita moja ya mraba inaweza kubeba nzige milioni 80, ambao kwa siku moja hula chakula kinachowatosha watu 35,000.

Kwa mfugaji hasara ya nzige ni ya malisho. Majani yaliyochipuka baada ya mvua nzuri za mwisho wa 2019 yaliliwa mbele ya macho ya mbuzi waliokuwa wakiyangojea. Mei 2020 Benki ya Dunia iliidhinishia Kenya dola milioni 43 za kupambana na nzige na kuwarudishia waathiriwa njia zao za kujikimu. Kufikia siku hiyo, miezi mitano ilikuwa imepita tangu kundi la kwanza livuke mpaka.

Je, wajua kwamba bei ya ng'ombe Garissa huweza kuafikiwa bila neno kutamkwa?

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na siku yake kuu ni Jumatano. Mifugo hufika kutoka Wajir, kutoka vijiji vya Ijara na Fafi, na wengine kutoka Jubaland ng'ambo ya mpaka wa Somalia, wakiwa wametembea siku nyingi. Ukisimama kando utawaona madalali wawili wameshikana mikono chini ya kitambaa. Kidole kinabanwa, kinaachwa, viwili vinabanwa kwa pamoja. Kila mguso una tarakimu yake. Waliosimama karibu hawajui bei iliyotajwa, na dalali anaweza kumpa mnunuzi anayefuata bei tofauti.

Biashara ya namna hiyo haifanyiki kwa umbali wa mita moja. Masoko ya mifugo katika sehemu nyingi za kaskazini yalifungwa ili kuzuia maambukizi. Kuingia na kutoka Mandera kulipigwa marufuku kuanzia tarehe 22 Aprili 2020 hadi tarehe 7 Julai. Kambi za wakimbizi za Dadaab zikafuata mwishoni mwa Aprili. Tarehe 6 Mei ikawa zamu ya Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambao wafanyabiashara wake na wakazi wake ni wateja wakubwa wa nyama na maziwa ya ngamia kutoka kaskazini. Malori ya mizigo yaliruhusiwa barabarani, lakini lori haliendi popote iwapo soko la kupakia limefungwa na mtaa wa kupakulia umefungwa.

Je, wajua kwamba tangazo la Makkah liliwafikia wafugaji wa Pembe ya Afrika?

Mwaka 2019 mahujaji karibu milioni 2.5 walihiji. Mwaka 2020 Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji wangekuwa takriban 1,000 tu, tena wote wakiwa watu waliomo tayari ndani ya ufalme huo. Kila mwaka msimu wa Hija hununua mamilioni ya kondoo, mbuzi na ngamia, na wengi hupakiwa melini katika bandari ya Berbera na nyinginezo za Somalia. Biashara hiyo ilipodorora, familia za pande zote za mpaka zenye jamaa na mali Somalia zilikosa pesa za msimu ambao huutegemea mwaka mzima.

Je, wajua serikali ililipa kwa njia gani?

Tarehe 25 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi bilioni 10 zaidi kwa ajili ya wazee, mayatima na wasiojiweza. Aprili walengwa wa Inua Jamii walilipwa kwa mkupuo shilingi 8,000, yaani malipo ya miezi minne. Mzee wa Bura au Modogashe aliyekuwa tayari kwenye orodha alizipata. Jirani yake ambaye hakuwa kwenye orodha hakupata, hata kama soko lilikuwa limefungwa mbele ya wote wawili.

Mwishoni mwa Aprili ulianza mpango wa Kazi Mtaani, ambapo vijana walilipwa kwa kufagia, kuzibua mitaro na kupulizia dawa. Mandera ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 za awamu ya kwanza, pamoja na Nairobi na Mombasa, na kijana alilipwa shilingi 653 kwa siku. Awamu ya pili, iliyoanza Julai, ilifika kaunti zote 47 lakini malipo yakashuka hadi shilingi 455.

Tarehe 23 Mei ikatangazwa mipango minane ya kufufua uchumi yenye thamani ya shilingi bilioni 53.7. Katika kilimo, bilioni 3 zilitengwa kwa vocha za kielektroniki za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000. Ukigawa, ni wastani wa shilingi 15,000 kwa mkulima. Bilioni 1.5 zilikwenda kwa wakuzaji wa maua na mboga za kuuza nje, na, nje ya kilimo, shilingi milioni 850 zikatengwa kwa visima, mabwawa na matangi ya chini ya ardhi katika maeneo kame. Mfugaji alinufaika na maji hayo pale yalipofika. Lakini mbegu na mbolea haziwezi kumsaidia mtu ambaye shamba lake ni kundi la mbuzi linalohama.

Je, wajua kwamba kaunti nne za kaskazini zilikuwa na njia yao ya pesa tangu 2009?

Mpango wa HSNP wa kuzikinga kaya maskini dhidi ya njaa, unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame (NDMA), ulianza kulipa kaya za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera mwaka 2009. Malipo ya kwanza yalikuwa shilingi 2,150 kila baada ya miezi miwili. Yalipandishwa kidogo kidogo hadi 5,400 mwaka 2016. Awamu ya pili ililenga kaya 100,000 za malipo ya kila mara. Jambo lililoufanya mpango huo kuwa wa pekee ni kwamba karibu kila kaya ya kaunti hizo nne, ya maskini na ya aliyejiweza, iliandikishwa, na nyingi zikafunguliwa akaunti ya benki kabla ya kuhitaji msaada wowote.

Anayelipwa huenda kwa wakala, mara nyingi mwenye duka la kijijini, akaweka kidole kwenye mashine na kuhesabiwa pesa zake. Kijijini sehemu kubwa ya pesa hizo hubaki dukani humo humo kwa unga, majani ya chai na deni la wiki iliyopita. Ndiyo sababu faida yake humfikia hata asiyelipwa: mwenye duka anajaza rafu, na mwenye punda wa kuteka maji anapata mteja.

Garissa, iliyokuwa mstari wa mbele mwaka 2004, haikuwamo katika awamu hizo mbili. Iliingizwa kwenye awamu ya tatu, pamoja na Isiolo, Samburu na Tana River, kupitia mradi uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mvua ikikosekana, hukosekana Wajir na Garissa kwa pamoja, lakini kwa miaka kumi na zaidi mstari wa utawala kati ya kaunti hizo mbili uliamua nani ana akaunti na nani hana.

Je, wajua kwamba nyasi za Wajir huhesabiwa Vienna?

Setilaiti ya Terra, inayozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 700 hivi, hupiga picha za uoto wa kaskazini mwa Kenya. Chuo kikuu cha BOKU mjini Vienna, Austria, huzisafisha picha hizo na kuipelekea NDMA kipimo cha hali ya uoto. Kipimo kikishuka chini ya 20, ukame unahesabiwa kuwa mkali. Kikishuka chini ya 10, umepita kiasi.

Hapo ndipo orodha ile ya HSNP inapofanya kazi ya pili. Katika eneo lenye ukame mkali, malipo ya dharura hupanuliwa hadi nusu ya kaya zote. Ukipita kiasi, hupanuliwa hadi robo tatu. Malipo ya kwanza ya aina hiyo yalitolewa mwaka 2015. Hakuna kamati ya kuzunguka vijijini kuuliza nani ana njaa, wala mkubwa wa kumbembeleza ili kijiji chako kikumbukwe. Kipimo kikigusa alama, pesa zinatumwa.

Udhaifu wake ulionekana 2020. Setilaiti huona majani makavu. Haioni soko lililofungwa, na mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa zimeiacha sehemu kubwa ya nchi kijani licha ya nzige. Mfugaji alikuwa na mbuzi wanono asioweza kuwauza, na chombo kilichobuniwa kumwokoa hakikuwa na jicho la kumwona.

Je, wajua kwamba katika bima ngamia mmoja ni ng'ombe 1.4?

Bima ya mifugo inayotumia setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010, kazi ya watafiti wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ya Nairobi na wenzao. Ili kulinganisha mifugo tofauti, hesabu inachukua ng'ombe mmoja kuwa kipimo kimoja: mbuzi au kondoo 10 ni kipimo kimoja, na ngamia mmoja ni 1.4. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa bima wa KLIP huko Turkana na Wajir, kisha ukaenea hadi kaunti nyingine, Garissa ikiwemo. Serikali ililipa ada yote kwa vipimo 5 kwa kila kaya iliyochaguliwa, yaani kama mbuzi 50. Fidia ya juu kabisa ilikuwa shilingi 14,000 kwa kipimo, hivyo shilingi 70,000 kwa mwaka.

Fidia hii hailipwi kwa mzoga. Hulipwa malisho yanapoanza kupungua, ili mwenye mifugo anunue majani makavu, maji na dawa wanyama wangali hai. Februari 2017 kaya zaidi ya 12,000 zililipwa jumla ya takriban shilingi milioni 215. Tangu 2022 mradi wa DRIVE umebadili utaratibu: mfugaji mwenyewe huchangia sehemu ya ada.

Je, wajua kwamba Wajir iliweka historia ya bima ya Kiislamu?

Wafugaji wengi wa Kaskazini Mashariki waliikataa bima ya kawaida kwa sababu ya riba na bahati nasibu wanayoiona ndani yake. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaleta bima inayofuata sharia: wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, kampuni inausimamia kwa ujira, na ziada ni ya wanachama. Machi 2014 wafugaji wapatao mia moja wa Wajir walilipwa fidia ya ukame, malipo ya kwanza ya bima ya mifugo ya Kiislamu barani Afrika.

Je, wajua kwamba mashamba ya Garissa yalizama katika miezi ile ile?

Garissa ina wakulima pia. Kando ya Mto Tana vikundi vya wakulima huvuta maji kwa pampu za dizeli na kukuza ndizi, maembe, tikiti maji, nyanya na vitunguu. Mvua za masika za 2020 zilijaza mabwawa ya juu ya mto, Masinga na mengine, na maji yakafurika hadi chini. Mwanzoni mwa Mei serikali ilikuwa imehesabu vifo zaidi ya 190 nchini kutokana na mafuriko. Mkulima wa ukingo wa Tana alipigwa mara mbili: maji yaliingia shambani, na hata kilichosalia kilikabili soko lililopungua wanunuzi.

Je, wajua kwamba kutuma shilingi 1,000 kulikuwa bure?

Machi 2020, kwa makubaliano na Benki Kuu, ada ya M-PESA iliondolewa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, na msamaha huo ukaendelea hadi mwisho wa mwaka. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mkupuo kilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000. Uamuzi huo mdogo wa kiofisi uligusa kaya nyingi, kwa kuwa kabla ya serikali, wa kwanza kumsaidia mtu wa Garissa ni ndugu yake aliyeko Nairobi au ng'ambo. Kwa familia za Kisomali kuchangiana wakati wa msiba ni wajibu, na waliotoa walikuwa nao wamepunguziwa mapato.

Je, wajua kwamba maelfu ya wananchi hawakuweza kupokea chochote?

Ruzuku, benki na laini ya simu vyote vinadai kitambulisho. Katika miaka ya njaa na vita vya Somalia, Wakenya wengi wa Garissa walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu au shule. Wengine waliandikishwa wakiwa watoto. Walipofikisha miaka 18, alama za vidole ziliwasoma kama wageni. Makadirio yanawataja watu wapatao 40,000. Wao ni Wakenya, lakini mbele ya mashine ya wakala hawakuwamo.

Wale ambao hawakuwa na doa hilo walikaguliwa na kamati maalumu za wazee na maofisa kabla ya kupewa kitambulisho, utaratibu ambao haukutumika katika kaunti nyingi nyingine. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuukomesha. Ni hatua ya haki iliyochelewa kwa vizazi, na thamani yake itapimwa kwa idadi ya vitambulisho vitakavyotolewa.

Je, wajua kwamba Marekani ililipa kwa kichwa cha ng'ombe?

Tarehe 17 Aprili 2020, wizara ya kilimo ya Marekani ilitangaza dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja kwa wakulima na wafugaji. Kila aina ya mazao na mifugo iliwekewa kiwango chake, mfugaji akilipwa kwa idadi ya wanyama aliouza na aliokuwa nao, na mtu mmoja aliweza kupokea hadi dola 250,000. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 26 Mei.

Utajiri ni sehemu ya maelezo ya kasi hiyo, lakini kuna sehemu nyingine. Serikali ya huko imekuwa ikiwalipa wakulima tangu miaka ya 1930, na ofisi za kilimo katika kaunti zilikuwa na majina, ukubwa wa mashamba na akaunti za watu zamani kabla ya virusi. Wajir na Mandera zilionyesha jambo hilo hilo kwa shilingi chache: mahali kaya ilipokwisha kuandikishwa, pesa ziliweza kutumwa kwa kubonyeza kitufe.

Je, wajua kilichofuata?

Mvua zilianza kukosekana mwishoni mwa 2020. Misimu mitano mfululizo ikapita mikavu. Tarehe 8 Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa, na kabla haujaisha mifugo takriban milioni 2.6 ilikuwa imekufa nchini. Mfugaji aliyetumia akiba yake wakati wa corona aliukabili ukame huo mikono mitupu.

Kwa hiyo msaada wa janga hupimwa kwa mambo matatu yanayofanywa wakati wa neema: kila kaya iandikishwe, kila mtu mzima awe na kitambulisho na njia ya kupokea pesa, na alama ya kufungulia malipo ikubaliwe mapema, ikihesabu bei na hali ya masoko sambamba na majani. Garissa imestahili hayo tangu 2004. Wawakilishi wa wadi, wabunge na gavana huomba kura kila baada ya miaka mitano. Waulizwe, kijiji kwa kijiji, ni kaya ngapi zimo kwenye orodha na ni ngapi bado.